Kuku wa Nusu wa Bi Mardhiya

Kuku alikuwa kishingo, mwekundu, shingo wazi mpaka kifuani, na alikuwa ameatamia ndani ya beseni lililotoboka, pembeni mwa mafiga, katika jiko la uani la Mwanapili kule Shumba Viamboni. Alitoka mara moja tu kwa siku. Alikula machicha ya nazi haraka haraka, akanywa maji kwenye kifuu, akanya kinyesi kikubwa cha siku nzima, akaoga vumbi kidogo, akarudi. Mwanapili alikuwa akikaa mlangoni mwa jiko akisuka ukili, na kuku alipotoka aliinuka kwenda kuyatazama mayai. Yote alikuwa ameyatia alama ya mkaa, ili kuku wa jirani akiingia kutaga, lake lijulikane na liondolewe.

Kuku hakuwa wake. Alikuwa wa nusu. Mwenye kuku humpa mwenzake jike akamfuge. Jike akiatamia, akiangua, na watoto wakikua mpaka mama yao akawatupa, hapo huja siku ya kugawana. Mfugaji hutenga mafungu mawili kama atakavyo yeye, na mwenye kuku huchagua kwanza. Mama kuku mwenyewe haingii katika mgawo. Yeye ni wa mwenyewe, atamchukua au atamwacha kwa uzao mwingine, ni hiari yake. Mambo haya kila mtu anayajua na hakuna anayekumbuka aliyajulia wapi.

Mwenye kuku alikuwa Bi Mardhiya wa Kengeja, kusini huko, mama yake Khatib. Khatib alikuwa mume wa Mwanapili. Siku Mwanapili alipoachwa na kufunga mizigo yake arudi kwao, Bi Mardhiya alimtia kuku kwenye pakacha akamkabidhi mlangoni, watu wasije wakasema mkwe wake katoka pale mikono mitupu. Ilikuwa ni njia ya heshima ya kumtoa mtu nyumbani, na haikuwa ya gharama.

Mwanapili alitoka na kuku, na alitoka na mwanawe Asma, maana Asma alikuwa bado mdogo. Walikaa pamoja katika nyumba waliyoiacha wazee wake. Kisha Asma akang'oka meno ya mbele, na Khatib akapiga simu kusema kwamba mtoto akishang'oka meno ni wa baba. Akaja kumchukua. Mke wake mpya alikuwa amejifungua na nyumba ilihitaji mikono. Hilo la mikono alilisema wazi, huku akinywa chai aliyotengewa, kwa sababu hakuona cha kuficha.

Nguo za mtoto zilitiwa mfukoni zote, isipokuwa gauni moja la kijani la kuendea chuoni kusoma Kurani, ambalo lilikuwa bado bichi kambani. Likasahauliwa pale. Likakauka. Mwanapili hakutaka kuliona na hakutaka kulitupa, na siku hiyo hiyo kuku alikuwa ameanza kulia ile sauti nzito ya kutaka kuatamia. Basi akalikunja gauni, akalitandika ndani ya beseni, akayapanga mayai juu yake. Hakulia. Alikuwa kama mdomo uliotiwa ganzi kwa mng'oa meno: unajua kuna kitu kimetoka pale, ila hukisikii.

Wiki tatu zilipotimia vifaranga walianza kulia ndani ya mayai, na kuku akawa anawajibu chini chini bila kuinuka. Walitoka mmoja mmoja, wamelowa, wakakaukia chini ya mama yao. Yai moja lilikuwa viza. Mwanapili alilitupa nyuma ya nyumba, akakusanya maganda, akasaga chenga za mchele.

Jioni iliyofuata, kuku alipowaita watoto wake walale, Mwanapili aliinama akainua bawa moja kutazama kama yuko aliyekufa. Hakukuwa na aliyekufa. Asma alikuwa amelala pale, kiubavu, mikono kaibana katikati ya magoti, na vifaranga wamemjaa shingoni. Hakuwa amepungua. Alikuwa na kimo chake kile kile cha siku aliyoondoka, na kuku naye alikuwa na ukubwa wake wa kuku. Ila chini ya bawa palikuwa na nafasi.

"Asma," alisema Mwanapili.

"Naam, mama."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Umekula?"

"Bado."

Mwanapili akaenda kupakua muhogo na dagaa. Asma alikula akiwa ametoa kichwa na mkono mmoja tu. Alipojaribu kutoka zaidi, kuku alimrudisha kwa mdomo, taratibu, kama alivyokuwa akiwarudisha wale wengine. Alfajiri kuku aliinuka na vifaranga wake wakatoka uani kuparua, na Asma hakuwemo. Alikuwa Kengeja, mferejini kuteka maji, na ndoo yake. Jioni alikuwa chini ya bawa tena.

Ikawa hivyo kila siku. Mwanapili alianza kupika mapema. Alikuwa akimchana nywele kidogo kidogo, upande ule uliotoka nje, na kesho yake Asma alilala kwa upande wa pili ili naye uchanwe. Hawakuzungumza sana. Mtoto alikuja amechoka, na mama hakujua aulize lipi. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa na alama ya kuungua, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

"Hii nini?"

"Uji wa ntoto."

"Skuli je?"

"Baba kasema nisubiri kwanza, mpaka ntoto aweze kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda. Kutembea."

Mwanapili aliupaka mkono mafuta ya nazi. Hasira ilimjia, aliijua kwamba ni hasira, lakini ilikaa mbali naye, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Aliendelea kupaka mpaka mafuta yakaisha kwenye kisosi.

Jirani yake, Shadya, alikuja siku moja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akaona nyayo mbili zimetokeza chini ya kuku.

"Asma karudi?"

"Jioni tu."

"Mashaallah," alisema Shadya. Akainama. "Asma, hujambo? Kakonda, yakhe. Na hivi visigino, kama vya ntu mzima." Akaichukua mbuzi, akasimama nayo mlangoni. "Na huyu kuku akishawatupa, itakuwaje?"

"Sijui."

"Wote huwatupa. Siku moja tu waamka, awadonoa, hawajui tena."

"Najua, Shadya."

Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Mwanapili raha. Alikuwa akimtazama kuku kutwa nzima juu ya ukili wake, akitafuta dalili. Siku moja kunguru alishuka akamnyakua kifaranga mmoja mbele ya macho yao wote wawili. Kuku aliruka, akatimka manyoya, akapiga kelele uani pote, na kunguru akenda zake juu ya mnazi na kile kifaranga. Baada ya muda kuku alinyamaza akaanza kuparua tena na waliobaki. Mwanapili alimtazama sana. Alitaka kujua anafanyaje.

Lakini kuku hakuwatupa. Miezi miwili ilipita, na mitetea ikaota mbawa kamili, na majogoo wadogo wakaanza kujaribu kuwika kwa sauti mbovu, na bado kila jioni walirudi kujibana chini ya mama yao, wengine miguu nje. Majirani walisema kuku huyu amepitisha muda. Walijua kwa nini, na hawakuona haja ya kusema zaidi.

Khatib alipiga simu.

"Asma aja huko?"

"Aja."

"Tangu lini?"

"Tangu kuku kuangua."

Kulikuwa na sauti ya mtoto mchanga analia nyuma ya Khatib. "Mama auliza, vyombo vya chakula cha usiku akoshe nani."

"Nkeo ana mikono."

"Nke wangu ana ntoto."

"Na mie nna ntoto," alisema Mwanapili. Simu ikakatika, au ilikatwa.

Bi Mardhiya hakuja kudai mjukuu. Alikuja kudai kuku wake. Khatib aliazima gari ndogo ya mizigo kwa rafiki yake, wakapita Chake, wakafika Shumba baada ya alasiri. Bi Mardhiya hakuja kwa shari. Alileta mkungu wa ndizi, akauliza hali ya kila mtu mmoja mmoja, akauliza hata hali ya ukuta wa jiko uliokuwa umeegama, kisha akakaa mkekani akapanga kanga yake vizuri.

"Mwanapili, mwanangu, n'mekuja kugawa."

"Hajawatupa, mama."

"Hatatupa huyu. Majogoo washawika." Alimtazama kuku aliyekuwa akiparua karibu na shimo la taka. Bi Mardhiya alikuwa akifuga kuku kabla Mwanapili hajazaliwa, na macho yake yalitembea juu ya manyoya, miguu na tumbo kama ya mtu anayesoma. "Kanenepa. Umemtunza, sikufichi."

Mzee Matano akaitwa aje. Huyu ndiye aliyekuwa akigawa ng'ombe, mbuzi na kuku wa nusu pale kijijini na vijiji vya jirani. Alikuwa hapendelei mtu na hachukui kitu. Alikuja na bakora yake, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akakataa chai mpaka kazi iishe.

"Mwenye kuku nani?"

"Mie," alisema Bi Mardhiya.

"Nfugaji nani?"

"Mie, mzee," alisema Mwanapili.

"Basi na waje ndani tuwaone."

Walisubiri. Jua liliposhuka nyuma ya minazi kuku aliingia jikoni, akapanda beseni, akaita. Vifaranga wakaja mbio, wakasukumana, wakaingia. Halafu mguu wa Asma ukatokeza, na kisigino chake kilichopasuka.

Mzee Matano aliinua bawa kwa ncha ya bakora. "Na huyu?"

"Mwanangu," walisema Mwanapili na Khatib kwa pamoja.

"Huyu hagawiwi, mzee," alisema Khatib. "Huyu ni ntu, si kuku. Ni wangu."

"Kama wako, ntoe."

Khatib alikunja shati, akachutama, akaingiza mkono. Kuku alimdonoa mara ya kwanza kifundoni na mara ya pili akamtoa damu. Khatib aliusukuma mkono mpaka bega likagusa beseni, shavu lake limelala kwenye manyoya ya kuku, na haukufika. Kutoka ndani Asma alisema, "Shikamoo, baba." Khatib akautoa mkono, akaufunga kwa leso, akaenda kusimama mlangoni.

"Alo chini ya kuku ni uzao wa kuku," alisema Mzee Matano. "Ahesabiwe na wenziwe."

Mwanapili alipiga magoti mbele yake. Hakuwa amepanga kusema kitu, lakini alisema. "Mzee, ntoto hendi skuli. Kutwa ana ntoto ubavuni na ndoo kichwani. Ntazame nkono, mzee. Asma, toa nkono."

Asma akautoa. Mzee Matano aliutazama kwa makini, juu na chini, akaugeuza kwa vidole viwili ili mwanga wa mlangoni uuangukie. Alisikitika, ilionekana usoni. Kisha akauachia ukarudi ndani.

"Hilo si la kuku, mwanangu. Mie n'meitwa kugawa kuku."

Hakulisema kwa ubaya. Alimwomba Mwanapili atenge mafungu.

Mwanapili aliwaza kwa muda mfupi tu. Akaanza kuwatoa vifaranga mmoja mmoja, akiwashika mbawa, akiwatia ndani ya tenga lililokuja na gari. Aliwatoa majogoo. Aliitoa mitetea, pamoja na ile myeusi miwili yenye miguu ya manjano ambayo Shadya alishaitamani. Aliwatoa mpaka hakubaki hata mmoja. Kisha akainua bawa akamshika Asma mkono, na safari hii kuku hakudonoa. Asma akasimama katikati ya jiko, kanyongea, ana manyoya kwenye nywele.

"Fungu hilo," alisema Mwanapili akionyesha tenga. "Na fungu hili."

Khatib alicheka kwa mshangao wa hesabu yenyewe. "Wote wale? Na mmoja huyu?"

"Mafungu ni ya nfugaji," alisema Mzee Matano. "Atenga atakavyo. Bi Mardhiya, chagua."

Bi Mardhiya hakuwa na haraka. Alilizunguka tenga, akaitazama mitetea mmoja mmoja, akambonyeza mmoja kifuani. Alimtazama na Asma pia, kuanzia visigino mpaka nywele zilizochanwa. Mwanapili alikuwa ameushika mkono wa mtoto kwa mikono yake miwili na alikuwa anaomba.

"Mie nachukua kuku," alisema Bi Mardhiya.

"Mama!" alisema Khatib.

"Nyamaza weye. Huijui mitetea."

Mzee Matano akasema mgawo umetimia, na wote wamesikia, na huyu ni wa Mwanapili na hao ni wa Bi Mardhiya. Chai ikaletwa. Mwanapili alihisi furaha. Ilimjia ikiwa imepoa, kama chakula kilichowekewa mtu aliyechelewa, lakini ilikuwa furaha, na aliitambua.

"Na kuku mwenyewe, kama ada," alisema Bi Mardhiya alipomaliza kikombe. Akamwinua kishingo kutoka kwenye beseni kwa mikono yake, akamtia chini ya kwapa. Akaliona gauni la kijani, lililojaa mavi ya kuku na vipande vya maganda. "Na hili la ntoto wetu. Lifuliwe."

Mwanapili hakukataa gauni. Alikuwa na mwenye gauni mkononi.

Gari ilipowashwa, kuku, ambaye naye alikuwa ametiwa tengani, aliita kutoka humo. Ilikuwa sauti ile ile ya kila magharibi, ya kuwaambia watoto waje walale. Asma aligeuza kichwa.

"Mama, aita."

"Mwache aite."

"Aniita mie."

"Najua."

Asma hakuvuta mkono. Alikuwa mtoto mtiifu. Walisimama wote wawili uani mpaka sauti ya gari ikaisha kule njia kuu, kisha Mwanapili akamwogesha, akamlisha, akamtandikia mkeka na kumfunika kanga mbili. Mtoto alikuwa anatetemeka, ingawa hakukuwa na baridi. Mwanapili alimkumbatia kwa nyuma, akamfunika kwa mkono wake kama alivyoweza. Mkono wa mtu ni mwembamba. Asma alijikunja, akajaribu kuingia chini yake, akakosa pa kuingia, mwisho akalala hivyo hivyo.

Wakati wa adhana ya alfajiri mkeka ulikuwa na joto lake na kanga zilikuwa na umbo lake, na mwenyewe hakuwapo. Alikuwa Kengeja, mferejini. Hili halikumshtua Mwanapili, maana ndivyo zilivyokuwa asubuhi zote. Alifagia uani. Alisuka ukili mrefu siku hiyo. Alipika mapema, akakaanga na ndizi za Bi Mardhiya, akakaa jikoni kusubiri.

Jua likashuka. Mwanapili alikuwa analitazama beseni, na ndipo alipoona kosa lake. Alikuwa amemgombea mtoto na akashinda, na hakukumbuka kuuliza mtoto anapita wapi. Alikuwa anapita chini ya kuku. Kuku alikuwa kule, katika jiko la Bi Mardhiya, juu ya gauni la kijani, na Asma alikuwa ameshaingia chini ya bawa, hatua chache kutoka kwenye vyombo vya chakula cha usiku. Bi Mardhiya alikuwa ameliona hilo tangu anazunguka tenga. Alikuwa mfugaji wa siku nyingi.

Siku ya pili Mwanapili alikwenda kwa Mzee Matano.

"Mzee, ulinipa ntoto."

"N'likupa."

"Hayupo."

"Ulimpokea ukampeleka ndani, na watu wameona," alisema Mzee Matano. "Kama kaondoka baadaye, hilo halimo katika mgawo." Akamtilia kahawa. Ilikuwa kahawa nzuri, yenye tangawizi, na Mwanapili aliinywa yote.

Alikwenda na Kengeja. Alipanda gari mbili, akafika, akakaribishwa vizuri, akatandikiwa mkeka mpya. Asma alikuwa uani, mtoto mchanga ubavuni, anachochea chungu. Alimwachia mama yake mkono amshike, kisha mtoto mchanga akalia, na Asma akauchukua mkono wake. Khatib alisema mtoto aliyeng'oka meno ni wa baba. Alikuwa ameshalisema hilo, na alilirudia kwa upole, kama kwa mtu asiyesikia vizuri. Kuku alikuwa anaparua kivulini. Alimtazama Mwanapili kwa jicho moja akaendelea. Gari ya mwisho ya kurudi ilikuwa karibu kuondoka, na Mwanapili akaiwahi.

Baadaye Bi Mardhiya alipiga simu. Aliuliza hali yake, na hali ya Shadya, na hali ya ukuta.

"Yule kishingo kawatupa," alisema. "Juzi asubuhi kawadonoa wote. Na Asma kamdonoa kichwani, kidogo tu, katoa damu kidogo. Sasa alala ndani, mkekani, kama watu."

"Vyombo?"

"Akosha. Wamsikia?"

Mwanapili alisikia sahani zikigongana, na maji yakimwagwa. "Nipe niseme naye, mama."

"Ana povu mikononi, mwanangu. Siku nyingine." Bi Mardhiya akakohoa. "Kuku yu karibu kutaga tena. Mie hapa n'na kuku wengi, wewe wamtunza vizuri. Wamtaka tena kwa nusu?"

Mwanapili alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko. Ndani, beseni lilikuwa pale pale, pembeni mwa mafiga.

"Namtaka," alisema.

Kuku aliletwa na gari ya abiria, ndani ya pakacha. Alitaga, akalia ile sauti yake nzito, akataka kukaa. Mwanapili hakuwa na nguo hata moja ya Asma. Alitafuta sandukuni, akatafuta chini ya kitanda, mwisho akapasua kanga aliyokuwa akimbebea mgongoni alipokuwa mchanga, akaitandika. Akatia alama ya mkaa kwenye mayai. Wiki tatu zilipotimia vifaranga wakatoka, wengi na wazima, na safari hii hakukuwa na viza.

Jioni kuku alipowaita, Mwanapili aliinama akainua bawa. Nafasi ilikuwepo, pana vile vile, ya kumtosha mtoto kulala kiubavu na kukunja magoti. Ilikuwa na joto. Aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa huku na huku, na kuku akamwacha apapase. Palikuwa na vifaranga tu.

Aliendelea kuinua bawa kila jioni. Mwezi wa pili kuku aliwatupa watoto wake, kwa wakati unaostahili, na Bi Mardhiya akaja na tenga na mkungu mwingine wa ndizi. Mwanapili alitenga mafungu mawili yaliyo sawa kabisa, majogoo kwa majogoo na mitetea kwa mitetea. Bi Mardhiya alichagua moja, akashukuru. Hapakuwa na ubishi wowote, kwa hiyo Mzee Matano hakuitwa.